Cheti kipo, bima haipo

Aliyepata leseni juzi, aliyewahi kusababisha ajali, aliyekamatwa akiendesha huku amelewa, aliyewahi kufutiwa bima: wote hao kampuni za bima huwaweka fungu moja, la madereva wa hatari kubwa. Bei wanayotajiwa inatoa jasho, na kampuni nyingine hazitaki hata kuwasikia. Ndipo tapeli anapojitokeza. Hana haja ya kumshawishi mtu kwamba anahitaji bima, maana sheria imeshamlazimisha. Yeye anauza unafuu tu.

Wengi wakisikia utapeli wa bima wanawaza cheti cha kughushi. Kipo kweli: mtu anachukua cheti halali, anabadilisha jina na namba ya gari kwenye kompyuta, anakutumia. Lakini huo ndio utapeli wa kitoto, simu moja kwa kampuni inaumaliza. Unaowaumiza zaidi madereva wa fungu hili ni ule wa cheti halali kabisa, kilichotolewa na kampuni halali, ambacho siku ya ajali hakikusaidii.

Kuna namna mbili. Ya kwanza, dalali anakukatia bima kweli. Ukipiga simu siku hiyohiyo, kampuni inakuthibitishia kwamba ipo. Siku chache baadaye anaifuta kwa jina lako, na hupati taarifa kwa sababu barua pepe na namba ya simu zilizojazwa kwenye fomu ni zake. Nchi nyingi zinampa mteja muda wa kughairi na kurudishiwa sehemu kubwa ya pesa. Uingereza, kwa mfano, ni siku 14. Pesa hiyo hurudi kwenye kadi iliyolipa, na kadi ni ya dalali. Au anakutoza ada ya mwaka mzima mkononi, kisha kwa kampuni analipa kwa awamu na kuishia awamu ya kwanza. Awamu ya pili isipoingia, bima inakufa kimyakimya huku cheti chako kikionyesha bado miezi kumi.

Namna ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu humfanya mteja aonekane mdanganyifu. Bima haifutwi, ila imekatwa juu ya uongo. Kijana wa miaka 20 mwenye ajali mbili anaandikwa ana miaka 41 na hajawahi kudai fidia. Gari linalobeba abiria kwa malipo linaandikwa la matumizi binafsi. Anwani inahamishiwa mtaa wenye wizi mdogo. Kampuni inatoa bei ya mtu huyo wa kubuni, dalali anaongeza chake juu, na bado wewe unaona umepata nafuu.

Inapitaje? Kwa sababu kampuni nyingi hazichunguzi sana wakati wa kuuza. Zinachunguza wakati wa kulipa. Ukishagonga na kudai, mtathmini anaweka leseni yako, ripoti ya polisi na fomu ya maombi mezani, na tofauti zinaonekana ndani ya dakika chache. Kampuni inaweza kuuhesabu mkataba kama haukuwahi kuwepo. Hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa uliyemgonga, inaweza kukugeukia wewe uirudishie. Zaidi ya hayo, kufutiwa bima kwa udanganyifu kunabaki kwenye kumbukumbu, na mwaka unaofuata bei inakuwa mbaya kuliko ile uliyoikimbia. Wazazi wanaokata bima kwa majina yao ilhali gari linaendeshwa kila siku na mtoto wanaangukia shimo hilohilo, hata kama hakuna dalali aliyewashika mkono.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: dalali asiyeuliza. Bei ya dereva wa hatari kubwa hujengwa juu ya ajali, makosa ya barabarani, miaka ya leseni na matumizi ya gari. Anayekupa bei bila kuyauliza, au anayekwambia “hayo niachie mimi”, ameshaamua kuyajaza anavyotaka. Bei ya chini peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kwanza omba bei kwa kampuni tatu wewe mwenyewe, kwa taarifa za kweli, ndipo ujue chini ni wapi. Malipo kwenda akaunti ya mtu binafsi, mawasiliano ya ujumbe wa simu tupu, na haraka ya “ofa inaisha leo” zinaongeza shaka.

Anayetoza ada ya “kusafisha rekodi” mfukuze. Makosa ya barabarani yako kwenye kumbukumbu za serikali, na ajali ziko kwenye kumbukumbu za kampuni. Kama kuna kosa la kweli kwenye kumbukumbu hizo, unaomba lirekebishwe huko huko. Yaliyo sahihi yanapungua uzito kadiri miaka inavyopita, basi.

Marekani kuna mtego wake wa pekee. Dereva aliyekutwa na kosa kubwa huweza kutakiwa kuwa na SR-22. Hiyo ni hati ya kuthibitisha kwamba ana bima, na kampuni ya bima ndiyo inayoiwasilisha kwa mamlaka ya leseni ya jimbo. Karatasi ya SR-22 inayouzwa bila bima nyuma yake haina maana yoyote. Bima ikikatika, kampuni huiarifu mamlaka na leseni husimamishwa, kwa hiyo aliyefutiwa bima na dalali kwa siri anaweza kupata habari kwa mara ya kwanza barabarani, mbele ya askari.

Sasa uhakiki. Anzia kwenye daftari la mamlaka inayosimamia bima, utafute jina la kampuni na la dalali, na uchukue namba ya simu hapo. Usitumie namba iliyo kwenye cheti wala kwenye tangazo, kwa sababu matapeli huiga jina na nembo ya kampuni halisi na kubadilisha simu tu. Lipa kampuni moja kwa moja. Kama dalali anaruhusiwa kupokea pesa, akaunti iwe ya jina la biashara iliyosajiliwa, na risiti iwe na namba ya mkataba.

Kisha piga simu kampuni na, baada ya kujitambulisha, uombe nakala ya fomu ya maombi iliyojazwa kwa jina lako. Wengi huuliza tu “bima yangu ipo?”, wanajibiwa ndiyo, wanakata simu. Swali hilo halifichui uongo wa ndani. Pitia mstari kwa mstari: tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya chasisi, dereva mkuu, matumizi ya gari, ajali na makosa yaliyotajwa. Uliza kama ada imelipwa yote au kwa awamu. Angalia barua pepe na simu zilizosajiliwa, na kama si zako zibadilishe hapo hapo. Piga tena muda wa kughairi ukishapita. Mifumo ya kuhakiki kwa namba ya gari inasaidia, lakini inaonyesha tu kwamba gari lina bima, haisemi imekatwa juu ya taarifa gani.

Bei halali hushuka kidogo kidogo: gari lenye injini ndogo, kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama ya ajali, kufungiwa kifaa kinachopima uendeshaji, kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Ukikataliwa kila mahali, iulize mamlaka ya bima. Baadhi ya sehemu, yakiwemo majimbo mengi ya Marekani, zina mpango wa kuwagawia kampuni madereva waliokosa bima.

Kama umeshanaswa, liache gari lilipo kwanza, maana ukigonga leo huna kinga. Hifadhi ujumbe, risiti na cheti kabla hujamgombeza dalali, kwani atafuta mazungumzo. Iarifu benki au mtandao wa simu uliolipia, halafu kampuni iliyotajwa kwenye cheti, mamlaka ya bima na polisi. Unapokata bima mpya na fomu ikauliza kama umewahi kufutiwa, jibu ukweli na uambatishe ripoti ya polisi. Na akijitokeza mtu wa kukurudishia pesa zako kwa malipo ya awali, jua kwamba huyo naye ni tapeli, maana orodha za waliotapeliwa nazo huuzwa.