Jamani, Fleisher alikuwa mwalimu kabla mkono haujamkatalia

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mzazi anayemtafutia mtoto wake mwalimu wa piano, na aliisema kwa nia njema kabisa: eti hata yule mpiga piano wa Marekani, Leon Fleisher, mkono ulipoharibika ndo akaamua kufundisha, kwa hiyo mwalimu ni mtu ambaye jukwaa limemshinda. Tangu Fleisher afariki huko Baltimore, Agosti 2, 2020, akiwa na miaka 92, hii hadithi imekuwa kama sala, kila akitajwa lazima isomwe. Mi nafundisha piano, nimeshaivumilia vya kutosha.

Tarehe ni hizi. Kufundisha Peabody, chuo cha muziki cha Baltimore, alianza 1959. Mkono wa kulia ulimkatalia 1964. Basi, hesabu ya darasa la kwanza hiyo. Na huo mwaka 1959 hakuwa mtu wa kuhurumiwa, alishashinda shindano la piano la Malkia Elisabeth kule Brussels mwaka 1952, Mmarekani wa kwanza kulichukua, na alikuwa anarekodi konseto (muziki wa piano na okestra) za Beethoven na Brahms akiwa na kiongozi wa okestra George Szell na Cleveland Orchestra yake, rekodi ambazo mpaka leo tunagombana kama kuna aliyezifikia. Mtu wa namna hiyo, ratiba imejaa, akaenda kufundisha. Kwanini? Kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa na mpiga piano Artur Schnabel tangu ana miaka 9, na Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, Czerny na Beethoven. (Hizi nasaba nazo tusizibebe sana, mwalimu yeyote wa piano ukimbana atakwambia ukoo wake unaishia kwa Beethoven.) Ila kwenye huo mnyororo wote kufundisha ni sehemu ya kazi, sio pa kujificha ukishindwa kupiga.

Sasa mkono. Watu wanaandika "alipooza" na hapo ndo napandwa na hasira kabisa. Hakupooza! Alichokuwa nacho ni distonia ya wanamuziki, na jina lenyewe la ugonjwa alikuja kulipata miaka ya tisini huko, baada ya kuzunguka kwa kila aina ya daktari. Mkono mzima unaweza kuwa na nguvu zake, ukafunga vifungo vya shati bila taabu, halafu ukiuweka kwenye piano tu vidole vinafanya vyao. Mara nyingi hata haiumi. Tatizo liko kwenye ubongo, sehemu inayotuma amri kwa kila kidole kivyake inakuwa kama imechanganya mafaili, unaagiza kidole kimoja kinyanyuke, jirani yake anajikunja. Kwa Fleisher vilijikunja cha nne na cha tano, yaani cha pete na kile kidogo (kwenye piano gumba ndo cha kwanza), kuelekea kwenye kiganja.

Na kama unapiga piano utaelewa kwanini hivyo viwili ni msiba. Mkono wa kulia ndo unaobeba melodi, na melodi mara nyingi iko juu kabisa, yaani iko kwa kidole cha nne na cha tano, vile vidole dhaifu kuliko vyote, huku cha kwanza na cha pili vikijaza sauti za kati kwa upole. Ukipoteza hivyo viwili umebaki na wapambe, mwimbaji hayupo.

Hapa pia kuna jambo wazazi hawapendi kulisikia. Alipoona vidole vinalegalega alifanya kile ambacho sote tumefundishwa, akaongeza mazoezi, na yeye mwenyewe baadaye alilaumu huko kujikamua. Vitabu vya mbinu vitakwambia ukitulia, ukilegeza bega, ukikaa vizuri, hupati hii kitu. Ukweli ni kwamba hatujui. Kuna watu wanapiga saa nyingi kila siku maisha yao yote, mkao mbovu, bega limepanda mpaka sikioni, na wako salama, halafu mwenye mbinu safi kabisa anapatwa. Inakadiriwa mwanamuziki wa kulipwa mmoja hivi katika kila mia. Mi mwanafunzi akiniambia kidole "hakinisikii" namsimamisha siku hiyohiyo, lakini siwezi kukuapia kwamba kumsimamisha kunamkinga.

Kilichobadilika baada ya 1964 ni namna ya kufundisha, na hili ndo lingefaa kuandikwa badala ya ule uongo. Zamani angeweza kumsogeza mwanafunzi kwenye kiti akampigia: sikia, hivi. Sasa akalazimika kusema, kutafuta maneno ya kitu ambacho mkono ungekimaliza kwa sekunde mbili. Alikuwa na fundisho moja la watu watatu ndani ya mpigaji. Wa kwanza anaisikia sauti kichwani kabla kidole hakijagusa kitu, wa pili anapiga, wa tatu kakaa pembeni anasikiliza, kikitoka tofauti na alichotaka wa kwanza anamwambia wa pili arekebishe, na wote watatu wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Rahisi kusimulia. Jaribu kwenye skeli moja tu (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), taratibu, utagundua wa kwanza hayupo kabisa, kidole kinapiga halafu sikio linakuja kupewa taarifa. Wanafunzi wangu wengi wako hapo, na mimi siku nikichoka pia.

Je, alikuwa mwalimu bora zaidi kwa sababu aliumia? Watu wanapenda jibu liwe ndiyo, linafariji. Mi sijashawishika. Wapiga piano wakubwa kama André Watts, Yefim Bronfman, Jonathan Biss walipita kwake, ila nani atajua wangetokaje kama angekuwa na vidole vyote kumi? Na kile kipindi kilimvunja mtu, alifikiria hadi kujiua, tusikipake sukari.

Wala hakuacha jukwaa. Alipiga muziki wa mkono wa kushoto, ikiwemo konseto ambayo mtunzi Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia Vita vya Kwanza vya Dunia, na akaongoza okestra. Halafu ikaja sindano ya Botox, ambayo haiponyeshi, inalegeza tu msuli unaong'ang'ania, ikiisha unachomwa tena, na pamoja na kukandwa misuli kwa kina akarudi na mikono miwili. Albamu ya Two Hands ilitoka 2004, ana miaka 76.

Sikiliza ile sonata ya Schubert humo, B-flati, D. 960 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Schubert), halafu rudi kwenye Brahms yake na Szell. Mtu asiniambie anasikia "mateso" kwenye hiyo Schubert. Fuata kidole cha tano cha kulia kwenye kurasa za mwanzo, pale melodi inatembea juu ya sauti za kati, uniambie kama kuna noti imepigwa kabla hajaisikia kwanza.