Mafuta ya karafuu hayasafishi damu

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp: kunywa matone ya mafuta ya karafuu kila asubuhi, yamejaa antioksidanti, yataondoa sumu mwilini.

Unaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayoleta ile harufu kali na ganzi unayoisikia ukiuma karafuu kwa jino bovu. Maabarani, yujenoli huzuia mafuta mengine yasichache kwa oksijeni, na hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti. Lakini hayo hutokea ndani ya kichupa. Ukiimeza, ini huibadilisha upesi, nayo hutoka kwa mkojo. Jedwali la Marekani lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti iliyopimwa kwenye kichupa liliondolewa mwaka 2012, maana halikuonyesha faida yoyote mwilini.

Lugha nayo imetuchanganya. Tumezoea kuita antioksidanti "kiondoa sumu", ilhali kazi yake ni kupunguza uharibifu unaoletwa na oksijeni. Damu husafishwa na ini na figo, na ini ndilo huumizwa na yujenoli nyingi. Wapo watoto waliozimia na kuharibika ini baada ya kumeza takribani mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai.

Karafuu za kwenye pilau hazina neno. Kuhusu chupa, soma lebo yake, nyingi huandikwa ni za matumizi ya nje, kisha muulize mfamasia. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mjulishe aliyekutumia, kwa upole.