"Sina cha kuficha" na maneno mengine ninayoyasikia kaunta

Steshenari ninayofanyia kazi iko Ng'hong'honha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Wateja wetu ni wanafunzi: kuprinti, kuskani, kubaindi ripoti za fildi, na kila wiki hakosi mmoja mwenye laptopu "iliyokuwa nzito". Nikimshauri aweke programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maagizo yaliyoandikwa kuiunda programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, majibu huwa yaleyale. Nayaandika hapa kwa sababu nimechoka kubishana huku foleni ya kuprinti ikininunia.

"Mimi sina cha kuficha"

Hili ndilo la kwanza, na ndilo linalonikera. Simu yako haikubeba habari zako peke yako. Imebeba namba ya mama mkwe, ya mwenye nyumba, ya mweka hazina wa kikoba. Programu ikiomba kusoma namba ulizosevu, nawe ukabonyeza "ruhusu" ili mambo yaende, umegawa namba za watu ambao hakuna aliyewauliza. Waliowahi kukopa kwenye programu za mikopo ya chapchap hawahitaji maelezo: ukichelewa kurejesha siku mbili, anayepigiwa ni shemeji, na ujumbe wa kukuita tapeli unasomwa na bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali chake. Wewe huna cha kuficha, sawa. Shemeji alikwambia naye hana?

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni nzuri, ila mara nyingi utaikumbuka wakati namba zimeshatoka. Tochi au kikokotoo kinachotaka kusoma namba zako, kifute leo, tafuta kingine. F-Droid, ghala la programu huria za Android, limejaa vikokotoo na kalenda zisizoomba ruhusa hata moja, na programu yenye tabia ya kumfuatilia mtumiaji huwekewa onyo ulione kabla hujapakua.

"Msimbo ukiwa wazi, wezi wataingia"

Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza: kama kila mtu anaiona kodi (wenyewe wanaiita kodi, si hii ya TRA), mwizi si ataona pa kupenyea? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kufuli la maana ni lile ambalo hata aliyelitengeneza halifungui bila ufunguo wako. Kama usalama wake wote ni kuficha lilivyoundwa, siku siri ikivuja umebaki na chuma tu.

Uwazi nao una aibu zake, nisidanganye. Mwaka 2014 liligundulika tundu la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, na lilikuwa limekaa humo miaka miwili. Machi 2024 ikawa zamu ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Mtu mmoja alijenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia msimamizi aliyekuwa ameelemewa, kisha akapandikiza mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Aliona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mtandao kunachelewa kama nusu sekunde, akakereka, akachimba, na aliweza kuchimba kwa sababu hapakuwa na ukuta. Kwa hiyo uwazi haukuahidi kwamba yupo aliyeusoma msimbo. Unaahidi tu kwamba anayetaka kuusoma hafukuzwi.

Halafu mwanafunzi huyohuyo akachomeka flashi yenye Office iliyokrakiwa, na maelekezo yake mstari wa kwanza yanasema: zima antivairasi. Au yuko kwenye GBWhatsApp, kwa ajili ya kuficha tiki za bluu. Hiyo ni programu iliyofumuliwa na kushonwa upya na mtu usiyemjua, na msimbo wake hauonyeshwi mtu. Huo ndio mlango wa kuuogopa.

"WhatsApp imeshafumbwa, yanini Signal?"

Nusu ya hili ni kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp umefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani unasomeka kwa mtumaji na mpokeaji tu, tena kwa mbinu ileile iliyobuniwa na watu wa Signal, programu huria ya kutumiana ujumbe. Maneno yenu hayasomwi njiani. Kinachobaki kwa mwenye kampuni ni yale yaliyo pembeni ya maneno: nani amemwandikia nani, saa ngapi, yuko kwenye makundi gani. Signal walipotakiwa na mahakama Marekani mwaka 2016 kutoa taarifa za mtumiaji, walikuwa na vitu viwili tu: tarehe aliyojiunga na tarehe ya mwisho kuunganishwa. Kingine hawakuwa wamekiweka.

Sijamwambia mtu yeyote ajitoe kwenye kamati ya harusi. Makundi yako WhatsApp na yatabaki huko. Ninachoshauri ni kuhamisha watu wawili watatu, wale mnaotumiana picha za vyeti na kitambulisho, na kwa WhatsApp yenyewe kuwasha ufumbaji wa nakala rudufu, maana hauwaki wenyewe. Wanaokimbilia Telegram kwa ajili ya siri wajue makundi ya kule hayajafumbwa mwisho hadi mwisho. Ni "mazungumzo ya siri" tu, ya watu wawili, tena hadi uyaanzishe mwenyewe.

"Huria ni bure, na cha bure hakidumu"

Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti, tuyatumie. Bure ni bei, huria ni haki. Kuhusu kudumu: LibreOffice, programu huria ya kuandikia inayoshika nafasi ya Office, ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Miaka yote hiyo, na faili la zamani bado linafunguka.

Hofu halisi ya mwanafunzi ni msimamizi wake: "Times New Roman, 12". LibreOffice kwenye Linux huweka Liberation Serif pale ambapo Times haipo, na herufi zake zimepimwa upana uleule, hivyo kurasa hazihami. Kinachohama ni majedwali yaliyojazwa rangi na picha zilizobandikwa ovyo. Kwa hiyo kuja kuprinti, njoo na PDF. Marejeo nayo yapangwe na Zotero, huria, inaungana na LibreOffice na hata Word.

"Hizo ni za wataalamu wa kompyuta"

Muvi unaangalia kwa VLC? Ni huria. Android imejengwa juu ya Linux. Takwimu za zahanati za Bahi na Chamwino huishia kwenye DHIS2, mfumo huria uliokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo. Umekuwa mtumiaji muda mrefu, hukuambiwa tu.

Hili la Linux kamili kwenye laptopu, hata hivyo, nalitaja kwa tahadhari. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi ninazoletewa hazikidhi vigezo vya Windows 11. Kwa hizo naweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na nyingi zinarudi kuwa nyepesi. Lakini kwanza iwashe kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, jaribu waifai, sauti na printa. Mimi nilijiamini, nikahamisha mashine zote za hapa kwa usiku mmoja. Asubuhi printa kubwa ikagoma, na hadi leo inaendeshwa na kompyuta moja ya zamani yenye Windows, niliyoifunika kitambaa kule pembeni. Ukija ukaiona, usinicheke mbele ya wateja.