Nyegezi ni stendi: dhana potofu kuhusu matusi kwenye nyimbo za redioni

Wimbo ukifungiwa, mabishano huwa ni yale yale. Huyu analalamika kwamba vijana wameharibika, yule anasema wakubwa wamekosa kazi za kufanya. Humo humo kuna madai yanayotolewa kwa kujiamini sana, na mengi yake hayana ukweli.

Dhana: Kuna orodha ya maneno yaliyokatazwa. Msanii akiyakwepa, yuko salama.

Novemba 2018 BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, iliufungia "Mwanza", wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Neno lililozua kesi lilikuwa Nyegezi. Nyegezi ni mtaa wa jiji la Mwanza, una stendi ya mabasi, makonda wanalitangaza kutwa nzima na hakuna mama anayemziba mtoto masikio. Kilichowakera watu ni silabi mbili za mwanzo, zikiwekwa katikati ya wimbo wa mahaba. Mwaka huo huo Roma alifungiwa miezi sita kwa sababu ya "Kibamia", na bamia tunanunua sokoni.

Hakuna orodha inayoweza kumnasa mtunzi anayefanya kazi yake kwa stendi na mboga. Ndiyo maana kanuni zinazungumzia maadili, staha na ulinzi wa watoto, halafu anabaki mtu wa kupima. Kwa msanii hiyo ni hatari zaidi kuliko orodha, maana hajui mstari umechorwa wapi mpaka aukanyage. Binafsi sioni raha na utaratibu huo, ila sijaona pia nchi iliyofanikiwa kuukwepa.

Hata Marekani, ile hadithi ya "maneno saba" haikutoka serikalini. Ni kichekesho cha George Carlin cha mwaka 1972. Kituo cha WBAI cha New York kilirusha toleo lake la baadaye mchana mmoja mwaka 1973, baba mmoja akalalamika kwamba alilisikia ndani ya gari akiwa na mwanawe, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1978, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walikubali kwamba tume ya mawasiliano, FCC, ina haki ya kuingilia. Walichotazama zaidi ni saa yenyewe na uwezekano wa watoto kuwa wanasikiliza.

Dhana: Wenzetu Ulaya na Marekani redio zinapiga chochote.

Hii inatokana na kusikiliza muziki wao YouTube na kudhani ndivyo unavyosikika redioni kwao. Redio za kawaida za Marekani haziruhusiwi kurusha lugha chafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Sheria ya mwaka 2006 ilipandisha faini ya juu kutoka dola 32,500 hadi dola 325,000 kwa kosa. Mwaka 2010 CeeLo Green alilazimika kuwa na toleo jingine kabisa la wimbo wake uliovuma, "Forget You", kwa sababu jina la awali lisingeweza hata kutajwa na mtangazaji. Kenya nao wana saa zao: kanuni za vipindi zinawalinda watoto kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku.

Dhana: Ukiziba neno, umemaliza.

Kituo cha KKMG cha Colorado kiliamini hivyo. Kilipiga toleo lililosafishwa la "The Real Slim Shady" ya Eminem, maneno makali yameshaondolewa, na mwaka 2001 FCC ikakitoza faini ya dola 7,000 kwa hoja kwamba maana bado inaeleweka. Kituo kikakata rufaa, na Januari 2002 tume ikageuza uamuzi wake. Wimbo ule ule, masikio ya tume ile ile.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya fundi. Anaishusha sauti ya mwimbaji kwa sehemu ya sekunde huku mdundo ukiendelea, au analigeuza neno lisikike kinyumenyume, au anabandika honi juu yake. Msikilizaji anayeujua wimbo analijaza pengo mwenyewe, wakati mwingine kwa sauti, na daladala nzima inacheka. Kuna na balaa jingine la kawaida tu: kwenye kompyuta ya studio mafaili mawili, la toleo chafu na la toleo safi, yamekaa jirani, tofauti yake ni neno moja mwishoni mwa jina. Mtangazaji aliyechoka akibofya la juu badala ya la chini, hakuna kanuni itakayomwahi.

Na tusisahau mdomo wa mtangazaji. Septemba 2020, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipoifungia Wasafi FM kwa siku saba kwa lugha isiyofaa, kesi ilihusu vipindi na wala si nyimbo.

Dhana: Nyimbo za zamani zilikuwa safi.

Zilikuwa na fumbo, na fumbo si usafi. Anayeijua taarabu anaelewa kwamba mtu anaweza kuvuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima bila kutajwa jina wala kutukanwa hata tusi moja. Maneno ya wazi kuhusu mwili nayo yalikuwepo, tena mengi, kwenye ngoma za unyago. Bi Kidude alisifika kwa unyago kama alivyosifika kwa taarabu. Tofauti ni kwamba unyago una mlango: anayeingia ni mwali na wakubwa wake. Redio haina mlango. Yaliyokuwa ya chumbani yakisikika saa moja asubuhi kwenye gari la shule, watu wanadhani yamezaliwa jana.

Kisha kuna Remmy Ongala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI unaua majirani. Redio Tanzania haikukubali kuupiga. Baadaye matangazo ya kondomu yakaja kusikika redioni bila mtu kuzima. Lile lililoonekana uchafu miaka ile liligeuka kuwa elimu ya afya, na Remmy alikuwa ametangulia tu.

Dhana: Viwango vinalegea tu, kila mwaka afadhali ya jana.

Kwenye mambo ya mapenzi, ndiyo, kwa jumla vimelegea. Kwenye maneno ya kudharau watu vimekaza. "Money for Nothing" ya Dire Straits, ya mwaka 1985, ina tusi kwa mashoga linalotajwa mara tatu, na redio za Kanada ziliupiga miaka 25 bila shida. Mwaka 2010 msikilizaji mmoja wa kituo cha St. John's, Newfoundland, akalalamika. Januari 2011 baraza la viwango vya utangazaji likaamua kwamba toleo lile halifai kurushwa. Watangazaji wakapandwa na hasira, na vituo viwili, kimoja Edmonton na kingine Halifax, vikaupiga mfululizo kwa saa nzima. Agosti baraza likalegeza: neno halifai, ila kila kituo kijiamulie.

Uingereza ilipita njia hiyo hiyo na "Fairytale of New York", wimbo wa Krismasi wa The Pogues. Mwaka 2007 Radio 1 ya BBC iliziba maneno mawili, kelele zikawa kubwa, wakayarudisha siku hiyo hiyo. Mwaka 2020 Radio 1 ikapiga toleo lililobadilishwa. Na mwaka 2022 Lizzo, kisha Beyoncé, walibadilisha nyimbo zao mpya ndani ya siku chache baada ya kuambiwa kwamba neno walilotumia linawaumiza watu wenye mtindio wa ubongo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "Lola" ya The Kinks, mwaka 1970. Wimbo unamhusu kijana aliyekutana na mwanamume aliyevaa kike. BBC haikusumbuliwa na hilo. Ilisumbuliwa na neno Coca-Cola, kwa kuwa ilikuwa ni kutangaza biashara bure, na Ray Davies akapanda ndege kutoka Marekani kwenda London kulirekodi upya neno moja.

Dhana: Wimbo ukifungiwa umekufa.

Januari 1984 BBC iliacha kuipiga "Relax" ya Frankie Goes to Hollywood. Ikapanda hadi namba moja Uingereza na kukaa hapo wiki tano.

Kwetu ilitokea kwa namna ambayo hakuna msanii angethubutu kuiota. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa ajili ya "Wapo", wimbo uliokuwa ukiisema serikali, na BASATA ikaufungia. Muda mfupi baadaye waziri, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na redio ziupige. Rais akaongeza na ushauri wa mashairi: awataje na wakwepa kodi.