Faragha Yako Imo Kwenye Simu za Wenzako

Mama mmoja alinijia na hofu. Hajawahi kuwa na akaunti ya Facebook, Instagram wala mtandao mwingine wowote wa kijamii. Hata hivyo mtu asiyemfahamu alikuwa amempigia simu, akamwita kwa jina lake kamili, akamtajia mtoto wake wa mwisho na shule anayosoma. Tuliketi tukatafuta taarifa hizo zilikovujia, na kabla saa moja haijaisha tulikuwa tumepata. Dada yake alikuwa ameposti picha ya siku ya kuzaliwa ya yule mtoto, bado kavaa sare yenye nembo ya shule. Chini ya picha, shangazi aliandika pongezi na kutaja majina kamili ya mama na mwana. Namba ya simu ilikuwa kwenye tangazo la msiba la mwaka uliotangulia, lililobandikwa na binamu kwenye ukurasa unaoonekana na kila mtu. Wote watatu wanampenda. Kila mmoja alitoa kipande kimoja tu, na mgeni akaviunga.

Kazi yangu ni usalama wa taarifa. Nikiitwa kufundisha, watu hutarajia niwaambie jinsi ya kulinda akaunti zao, nami huwaambia. Lakini kwa miaka yote hii kesi zilizoniumiza zaidi ni za watu waliofunga milango yao vizuri, kisha siri zao zikaanikwa na ndugu na marafiki.

Tukio linaloeleza jambo hili kuliko mengine yote ni lile la Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa, lililolipuka mwaka 2018. Watu wapatao 270,000 walikuwa wamejaza dodoso la tabia kupitia programu iliyounganishwa na Facebook. Enzi hizo Facebook iliruhusu programu kuchukua taarifa za aliyekubali pamoja na za marafiki zake. Kwa makadirio ya Facebook yenyewe, taarifa za watu hadi milioni 87 zilifikia kampuni hiyo. Ukigawanya, kila aliyebonyeza kukubali alibeba wenzake zaidi ya 300 ambao hawakuulizwa lolote. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5.

Njia ile ya marafiki ilizibwa, lakini nyingine inayofanana nayo ingalipo. Programu mpya inapokuomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba kwenye simu yako, inaomba namba ya daktari wako, ya mwanao, ya yule rafiki aliyehama kimyakimya kumkimbia mume mkorofi. Mwaka 2021 taarifa za akaunti milioni 533 za Facebook, pamoja na namba za simu, zilianikwa mtandaoni. Facebook ilieleza kwamba zilikombwa kwa kutumia vibaya huduma yake ya kutafuta marafiki kwa namba za simu. Mimi huikataa ruhusa hiyo karibu kila mara, na programu nyingi huendelea kufanya kazi bila tatizo.

Picha nazo husema mengi kuliko mpigaji anavyokusudia. Simu inaweza kuandika ndani ya faili la picha saa, aina ya simu na mahali hasa ilipopigwa. Desemba 2012 John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kuzuia virusi, alikuwa amejificha akikwepa polisi wa Belize. Jarida la Vice lililokuwa naye likachapisha picha yake, na ndani ya faili mlikuwa na vipimo vya mahali alipokuwa, nchini Guatemala. Aliyemfichua ni mwenzake wa safari, kwa simu yake. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida. Ukiituma kama dokumenti, zinabaki. Na hata zikiondolewa, bado kuna dirisha, bango la mtaa na namba ya gari nyuma yako.

Watu huniuliza: je, mazungumzo ya faragha si salama? WhatsApp imesimba mazungumzo ya watu binafsi tangu 2016, yaani huyageuza kuwa fumbo hadi yamfikie mlengwa, na usimbaji huo ni imara kweli. Unazuia mtu wa njiani asisome. Haumzuii uliyemwandikia kupiga picha ya skrini. Nimeona mtu akipoteza kazi kwa maneno aliyoandika usiku kwenye kundi la watu sita aliowaamini, na hadi leo hajui nani kati ya sita. Kabla ya kutuma maneno makali kuhusu mtu, mfikirie akiyasoma mwenyewe, jina lako likiwa juu. Ukishayatuma, hata ukiyafuta kwa wote, picha ya skrini aliyokwisha kupiga mwenzako inabaki. Maktaba ya Bunge la Marekani ilihifadhi twiti za wazi za tangu 2006 hadi mwisho wa 2017, sembuse simu za majirani.

Kuhusu akaunti yenyewe nitakuwa mfupi: neno la siri tofauti kila mahali, uthibitishaji wa hatua mbili (neno la siri pamoja na kithibitisho cha pili), na tarakimu sita za usajili wa WhatsApp zinazokuja kwenye simu yako usimpe yeyote, hata anayeziomba kwa jina la rafiki. Akaunti ikitekwa, wa kwanza kutapeliwa ni wale wanaokuamini.

Jambo gumu zaidi ni kumwambia ndugu aiondoe picha. Wengi hulalamika kwenye maoni mbele ya watu, naye hujihami. Mwandikie pembeni. Taja picha hasa, taja kinachokusumbua ndani yake, na mpe njia nyingine: ile ya pili ambayo nembo haionekani, au aiweke kwenye kundi la familia peke yake. Kuwasha mipangilio ya kuidhinisha utambulisho (tag), yaani jina lako linapobandikwa kwenye picha ya mwingine, kabla haujatokea kwenye ukurasa wako ni vizuri, ila elewa kwamba picha inabaki kwenye ukurasa wa aliyeiweka. Na wewe uulize kabla ya kuposti uso wa mwenzako. Kwa mtoto, muulize mzazi, na akishakua kiasi cha kuelewa, muulize mtoto mwenyewe. Nimewahi kukataliwa na binti wa miaka tisa, na nikaifuta picha mbele yake.

Yule mama alizungumza na dada yake kwa simu, wakalia kidogo, na picha ikaondolewa jioni ileile. Shangazi alifuta maoni yake. Lile tangazo la msiba bado lipo, kwa sababu binamu alishapoteza neno la siri la akaunti aliyoitumia na barua pepe aliyoisajilia haipo tena. Mama amebadilisha namba ya simu.