Tui la mchuzi, tui la mafuta: kila bidhaa na njia yake ya kusafishwa

Kijana mmoja wa Muheza alinifuata hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na chupa ya maji ya kunywa. Ndani hamkuwa na maji. Mlikuwa na kitu cha kahawia, kizito, kinanuka sukari iliyoungua.

"Shikamoo, mwalimu. Hii ndiyo pektini yangu, lakini jamu haigandi."

Msimu ukifika, maganda ya machungwa Muheza ni ya kuzoa, na yeye aliona pesa pale wengine wanapoona takataka. Pektini ya ganda ndiyo huigandisha jamu. Hapo hakukosea hata kidogo. Kosa lilianzia dukani. Muuzaji alimwambia kwamba mtambo wa kukeneka, ule wa kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake, "unasafisha kila kitu". Akakopa, akanunua. Akayachemsha maji ya maganda kutwa nzima ili maji yaondoke, pektini ibaki. Maji yaliondoka kweli. Lakini sukari, asidi na uchungu wa ganda vilibaki pia, na moto wa kutwa ukaikatakata pektini yenyewe hadi ikaishiwa nguvu ya kugandisha.

Kazi yangu ndiyo hii: kitu kikishatengenezwa na chachu, kuvu, bakteria au mmea, kukitoa kwenye mchanganyiko wake kikiwa safi. Watu huniuliza mashine ipi ni nzuri. Mimi huwarudisha kwenye nazi.

Anayepika mchuzi hulikoroga tui polepole lisikatike. Anayetaka mafuta huliacha motoni makusudi likatike, mafuta yapande juu. Tui ni lilelile, moto ni uleule. Hasara ya mmoja ndiyo kazi ya mwingine. Na wote wawili wameanza na kifumbu, kwa sababu hakuna anayeshughulika na mafuta wakati machicha bado yanaelea. Kiwandani ni hivyohivyo: toa yabisi, punguza maji, halafu ndipo uhangaike na usafi wa mwisho.

Ethanoli ni rahisi kuielewa. Huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji 100, basi kukeneka kunaifaa. Ila ikifika karibu asilimia 95 mvuke wake unakuwa na maji kwa kiwango kilekile cha kimiminika, na hapo hata ukeneke mara kumi hupati zaidi. Anayetaka ya kuchanganya na petroli hupitisha mvuke kwenye punje za zeolaiti zinazonyonya maji.

Penisilini ndiyo ninayoipenda kuifundisha. Kuvu huitoa nje ya seli zake, kwa hiyo huna haja ya kupasua chochote. Unachuja nyuzi za kuvu na kubaki na maji yenye dawa. Ukiyapika, dawa imekwenda. Lakini maji hayo yakitiwa asidi hadi pH 2 au 3 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), penisilini huyakimbia na kuingia kwenye kiyeyusho kisichochanganyika na maji, kama butili asetati. Ipe maji mengine yenye pH karibu 7, itarudi majini. Uchafu mwingi hauwezi kufuatana nayo safari zote mbili. Mwanasayansi Norman Heatley wa Chuo Kikuu cha Oxford ndiye aliyependekeza ile safari ya kurudi, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ugumu wake ni kwamba asidi inayoihamisha ndiyo hiyohiyo inayoivunja, kwa hiyo kazi hufanywa kwenye baridi, tena kwa haraka.

Bei nayo ina sauti. Kimeng'enya cha sabuni ya kufulia, ile protini inayovunja madoa, huchujwa, hupunguzwa maji kwa utando wenye vitundu vidogo mno, kikatiwa vya kukitunza, basi. Uchafu kidogo haumdhuru mfuaji. Insulini inaingia mwilini kwa sindano. Ile ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982, hupita kwenye nguzo kadhaa za kromatografia, yaani mirija iliyojazwa punje zinazoshika kitu kimoja na kuachia kingine, na gharama yake inakubalika. Ukiupeleka ufundi wa insulini kwenye kimeng'enya cha sabuni utafilisika. Kila hatua hupoteza kitu: hatua tano, kila moja ikiokoa asilimia 90, zinakuachia 59 tu katika kila 100.

Tukarudi kwenye maganda. Tulichukua nyama nyeupe ya ndani, tukaiosha, tukaichemsha taratibu kama saa moja kwenye maji yenye asidi ya sitriki, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha yapoe kabisa. Jiko tulilizima na kulitoa nje, maana mvuke wa spiriti, yaani ile ethanoli, hushika moto upesi kuliko unavyodhani. Kisha nikamimina spiriti kali, mara mbili ya maji yale, huku nikikoroga. Mara ya kwanza hakuna kitu. Halafu maji yakafifia, na nyuzi nyeupe zinazovutika kama mlenda wa bamia zikaanza kushikana na kupanda juu. Sukari na asidi zilibaki chini kwenye spiriti. Kijana alizizoa kwa mwiko, akazikamua kwenye kitambaa, akaziosha tena kwa spiriti, akazitandaza zikauke. Hakusema neno mpaka alipomaliza.

Kisha akaitazama ile ndoo ya spiriti iliyochafuka. Spiriti ni ghali. Kuimwaga ni kuimwaga biashara yenyewe.

"Hii," nikamwambia, "ndiyo kazi ya mtambo wako."

Tuliukeneka mchanganyiko ule jioni hiyohiyo, nje uani, na sehemu kubwa ya spiriti ikarudi. Sasa anauliza habari za mafuta ya ganda la nje, yale yanayokurukia machoni ukimenya chungwa. Hayo huondoka pamoja na mvuke wa maji, na ukiupoza yanaelea juu yakiwa peke yake. Nimemwambia aje Jumamosi na maganda ya siku hiyohiyo, na mafuta tutayatoa kabla ya kuigusa pektini.