Kizingiti cha mosfeti si mahali inapowaka

Kwenye datashiti (karatasi ya vipimo) ya mosfeti, ile swichi ya kielektroniki, kuna mstari mmoja unaopoteza watu wengi: volti za kizingiti. Kwa mosfeti ya IRFZ44N umeandikwa volti 2 hadi 4. Mtu anapiga hesabu: bodi ya Arduino Uno inatoa volti 5, tano inaizidi nne, basi pampu yangu ya volti 12 itazunguka. Na huenda ikazunguka kweli. Kisha anaweka mosfeti nyingine ya jina lilelile, pampu inajikongoja, na mosfeti inachemka mpaka haigusiki.

Kizingiti hapa ni kama kile cha mlango: ukikifikia uko mlangoni, bado hujaingia ndani. Soma mstari huo mpaka mwisho utakuta sharti lake, mkondo wa maikroampea 250. Yaani geti, mguu wa kuamrisha, likipata volti hizo, mosfeti ndiyo kwanza inaanza kupenyeza robo ya miliampea kutoka dreni kwenda sosi, miguu miwili ambayo mkondo wa mzigo hupitia. Pampu ya ampea 5 inahitaji mara elfu ishirini ya hiyo.

Hatari iko hapo katikati. Mosfeti iliyofunguka nusu, ikabaki na volti 3 kati ya dreni na sosi huku ampea 4 zikipita, inageuza wati 12 kuwa joto. Bila hitisinki, chuma cha kupoza, haidumu. Ikifunguka kabisa, IRFZ44N ina ukinzani usiozidi miliomu 17.5, na kwa ampea 5 joto halifiki hata nusu wati. Lakini ukinzani huo umepimwa geti likiwa na volti 10, ambazo Arduino haina.

Kwa hiyo mstari wa kuchagulia ni ule wa ukinzani, pamoja na volti za geti zilizoandikwa kando yake. IRLZ44N imepimwa kwa volti 5 pia: miliomu 25. Muuzaji akikuambia “hizi ni zilezile tu”, itazame herufi ya tatu. Kwa bodi ya ESP32 yenye volti 3.3 hata hiyo haikupi uhakika, maana vipimo vyake vinaishia volti 4. Kwa mzigo mdogo, wa ampea 1 au 2, kuna AO3400A, ambayo vipimo vyake vinashuka mpaka volti 2.5.

Kabla ya kuchoma kitu, jaribu kwenye LTspice, programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, ni ya bure. Weka betri ya volti 12, rizista ya omu 2.4 badala ya pampu, na chanzo cha mapigo kwenye geti. Chagua modeli ya mosfeti yenyewe. Ile alama tupu ya nmos haipitishi hata miliampea 1, na wengi hudhani wamekosea kuunga nyaya. Kumbuka pia kwamba modeli ina kizingiti kimoja tu, wakati za dukani zinatofautiana. Mimi hupunguza volti 1 kwenye mapigo ya geti, nikaona kama bado inafunguka.

Rizista, hata hivyo, haina tabia ya koili iliyo ndani ya mota ya pampu. Iunganishe na indakta (yaani koili) kwa mfululizo, zima geti, utaona volti za dreni zikiruka juu mno. Weka dayodi sambamba na mzigo, katodi upande wa chanya, na mruko huo utakomea karibu volti 13.